Harlbury kwenye Meza ya Sanyuanli

Kilonzo alichelewa, na alipofika aliuweka mfuko mweusi wa plastiki kwenye kiti kilichokuwa kati yetu, akaongeza fundo la pili juu ya fundo la kwanza, ndipo akanipa mkono wa pole. Tulikuwa tumepatana tukutane kwenye mgahawa mmoja karibu na Tianxiu Dasha, lile jengo refu la maduka na ofisi ambalo Mwafrika yeyote anayekuja Guangzhou kununua mali hulipitia angalau mara moja. Mimi nilikuwa nimerudi kwa wiki chache tu, kufundisha kwenye chuo kilichonisomesha zamani. Yeye hakuwahi kuondoka. Nywele zake zimegeuka nyeupe hapahapa, kati ya Sanyuanli na Zhanqian. Asubuhi hiyo sote wawili tulikuwa tumepata habari kutoka Mombasa kwamba Bi Mwanaisha amefariki dunia.

“Ameenda na siri zake zote,” Kilonzo akasema, akivuta kiti. “Maze, huyo mama hata daktari sidhani alimwambia anaumwa wapi.”

Tulicheka, kisha tukaona haya kwa kucheka. Aliagiza supu ya kondoo, mimi nikaagiza chai, na kwa muda tukautazama ule mfuko kama mtoto aliyekaa kati ya wazazi wanaonuniana. Sikumuuliza kilichomo. Miaka yote hii imepita na bado sikumuuliza, kwa sababu adabu hiyo nilifundishwa katika nyumba yake yeye na Bi Mwanaisha, mwaka ule niliokaa nao, nikiwa msichana mwenye shahada moja, masanduku mawili, na mji mdogo wa Kiingereza ambao hakuna mtu aliyeamini kwamba ndio ulionileta Uchina.

Nyumba ilikuwa ghorofa ya nne, Sanyuanli, kwenye uchochoro ambao majengo yake yamesogeleana hata jirani wa ng'ambo angeweza kukupitishia kiberiti dirishani. Sebule moja, jiko lisilotosha watu wawili, na vyumba vitatu, viwili vya matofali na kimoja kilichokatwa kwa mbao nyembamba kutoka sebuleni. Hicho cha mbao ndicho kilichokuwa changu. Kuanzia asubuhi hadi jioni ulisikia mlio mmoja tu kutoka kila mlango wa uchochoro ule, mlio wa selotepu pana ikivutwa na kukatwa, krraa, krraa, watu wakifunga maboksi ya kusafirisha. Mwezi wangu wa kwanza sikuweza kusoma kwa sababu yake. Mwezi wangu wa tatu, siku ya sikukuu yao kubwa ya mwaka mpya ambapo maduka yote yanafungwa, sikuweza kusoma kwa sababu haukuwepo.

Bi Mwanaisha, mwanamke wa Mombasa aliyezidi miaka arobaini, ndiye aliyekuwa amepanga nyumba na kutupangisha sisi wengine. Alinunua nguo za kike na kuzipeleka pwani. Kilonzo, wakati huo kijana mwembamba kutoka Nairobi, alinunua chochote kilichokuwa kikienda: leo mikoba, kesho vioo vya gari, keshokutwa magauni. Mimi walinipa jina la Mwalimu kwa kuwa nilikuwa nimefundisha sekondari Morogoro kabla ya kupata ufadhili wa masomo. Nilihamia pale baada ya bweni letu kufungwa kwa matengenezo, na lilipofunguliwa nafasi yangu ilikuwa imeshapewa mwingine. Naomba mlikumbuke hilo, maana ndilo lililonifanya nitetemeke baadaye: nje ya nyumba ile sikuwa na pa kwenda.

Wiki ya kwanza nilifanya kosa. Bi Mwanaisha alirudi jioni na mfuko mweusi, akautua mezani kupumzisha mkono, nami kwa uchangamfu wa mgeni nikamwuliza, “Shikamoo Bi Mwanaisha. Umenunua duka gani leo?”

Aliitikia marahaba, akauchukua mfuko wake, akaingia chumbani, akafunga mlango. Nilisikia komeo.

Kilonzo alinivuta jikoni. “Siste, skiza. Hapa unaweza kumuuliza mtu umri wake. Unaweza kumuuliza bwana yake alienda wapi. Lakini duka lake? Huulizi. Hata mimi naishi na yeye mwaka wa pili na sijui ananunua wapi, na yeye hajui mimi nanunua wapi, na ndiyo maana bado tunasalimiana.”

Nifafanue kidogo, kwa sababu mtu asiyewahi kufanya biashara hii anaweza kuona ni upuuzi. Kwenye majengo ya nguo ya Zhanqian kuna vibanda vingi kuliko unavyoweza kupita kwa siku moja. Kumpata mwenye duka, laoban kama wanavyomwita wote, anayeshona vizuri, asiyebadilisha kitambaa katikati ya oda na anayekujua kwa sura, ni kazi ya miezi. Ukishampata, huyo ndiye mtaji wako kuliko chochote ulicho nacho. Mwenzako akimjua, wiki ijayo atasimama pale pale akiagiza kile kile. Kwa hiyo kila duka lina mifuko yake mizuri yenye jina na namba ya kibanda, na kila mnunuzi wa kwetu hutembea na mfuko mweusi uliokunjwa mfukoni. Akitoka dukani huhamisha mali kwenye mfuko mweusi na kuutupa ule wenye jina mbali na duka. Akikutana na Mwafrika mwenzake njiani karibu na duka hilo, hupita mlango wa laoban wake uso ameugeuza, kama mtu asiyewahi kufika. Niliwaona wakifanya hivyo, watu wazima wenye heshima zao, wakiangalia dari kwa makini ghafla.

Sasa fikirieni nyumba ya namna hiyo ikipokea mtu ambaye kazi yake ni kuuliza maswali kuhusu masoko. Nilikuwa nimekuja Guangzhou nikitaka kuandika kuhusu biashara ya zamani kati ya pwani yetu na Uchina. Profesa Liang, msimamizi wangu, mzee mpole aliyependa kumenya balungi taratibu mezani huku ukizungumza, alinisikiliza hadi mwisho, kisha akanipa Harlbury. Harlbury ni mji mdogo wa soko katikati ya Uingereza. Nilidhani ananifukuza kwa adabu. Nilidhani pia, na nilikaa na dhana hiyo miezi mingi, kwamba aliona mtu kutoka nchi iliyotawaliwa na Waingereza hawezi kusoma kingine zaidi ya Waingereza. Nilipopata ujasiri wa kumwuliza aliniambia, “Ukiandika kuhusu pwani yenu, utajua unachotaka kukiona kabla hujatafuta. Harlbury huna bibi aliyezikwa huko. Utalazimika kutazama.” Sikumwamini. Niliona ni jibu zuri mno kuwa la kweli.

Lakini nilitazama, na mji ule ukaanza kunikaa. Una mtaa mmoja mpana na vichochoro vinavyouingilia pande zote mbili kama miiba ya samaki. Nilijifunza kwamba upana wa mtaa ndio historia yenyewe: zamani palikuwa na kanisa na njia ya ng'ombe tu, kisha bwana mmoja mwenye ardhi akapata ruhusa ya mfalme kuwa na soko siku moja kila wiki, na nyumba zikajengwa kulizunguka soko, zikiliachia nafasi. Katikati wakasimamisha msalaba wa jiwe, na chini ya msalaba huo ndipo siagi na mayai viliuzwa. Pishi ya shaba ya kupimia nafaka ilifungwa kwa mnyororo ukutani ili kila mtu apime kwa kipimo kimoja. Wauza nyama walikuwa na kichochoro chao, na jina la kichochoro hicho limebaki hadi leo ingawa sasa pana kinyozi na duka la miwani. Na juu ya yote palikuwa na kengele. Kabla ya kengele hakuna kuuza wala kununua. Kuja na kikapu kilichofunikwa na kukiuza pembeni lilikuwa kosa. Kutoka nje ya mji kumvizia mkulima njiani, ukanunua mayai yake kabla hayajafika msalabani, lilikuwa kosa kubwa zaidi, na mtu angeweza kusimamishwa hadharani akizomewa kwa ajili yake.

Nilimweleza Kilonzo haya tukiwa tunakula, na akaweka kijiko chini. “Ngoja. Mtu anaamka mapema, anakutana na mwenye mali njiani, anapata bei poa, halafu anashtakiwa? Walikuwa wanashtaki watu kwa kufanya biashara?”

“Walitaka kila kitu kionekane.”

“Basi ndiyo maana wamebaki mji mdogo,” akasema, na Bi Mwanaisha akacheka hadi akakohoa. Ilikuwa mara ya mwisho kwa muda mrefu kumsikia akicheka.

Kwa sababu ukuta wangu ulikuwa wa mbao, nilisikia pia waliyosema nikiwa nimeondoka mezani. Sikutega sikio, hapakuwa na namna ya kutosikia.

“Kilonzo, hebu niambie weye. Msichana wa Tanzania, yuko Uchina, asoma mji wa Wazungu. Waona yaingia akilini?”

“Haiingii. Lakini kama ni jasusi, mama, huyo aliyemtuma ni mjinga. Hata wa kwenye sinema wanatungiwa stori bora.”

“Na Jumamosi huenda Zhanqian. Nimemwona kwa macho yangu. Hanunui. Asimama tu, atazama.”

Ilikuwa kweli. Nilikwenda kutazama jinsi mlango wa soko unavyofunguliwa, nani anaingia kwanza, mahali watu wanaposimama kubishana bei, ili nipate picha ya kitu ambacho vitabu vya Harlbury vilikieleza kwa ukavu. Kwangu ulikuwa utafiti. Kwa mtu mwenye mfuko mweusi nilikuwa macho yasiyo na sababu.

Katika majira hayo Bi Mwanaisha aliugua mafua makali, siku kadhaa hakuinuka. Nilimpikia uji wa mchele wenye tangawizi, nikaubeba hadi chumbani kwake. Hapakuwa na mtu mwingine aliyewahi kuvuka kizingiti kile. Kulikuwa na cherehani ndogo, kitanda, na kamba iliyotundikwa nguo zilizofunikwa kwa shuka. Alikunywa uji akaniambia, “Mungu akubariki, mwanangu,” na alimaanisha. Lakini mtu anayeishi kwa tahadhari hakisahau kitu, hukiweka tu. Mwezi mmoja baadaye uji ule uligeuka ushahidi.

Alipigiwa simu alasiri moja akiwa anachambua mchele. Aliangalia picha aliyotumiwa kwenye simu, akaangalia tena, akaigeuza simu kifudifudi mezani. Hakutuonyesha. Aliendelea na mchele hadi ukaisha, akitoa hata chembe zisizo na kosa. Ndipo aliposema, bila kumtazama yeyote, “Kuna kitu changu kimeibwa. Kimetoka humu ndani. Aliyekiiba ajijua.”

“Kitu gani, mama?” Kilonzo akauliza.

“Mwizi haulizwi kitu gani. Mwizi ajua.”

“Si utuambie tutafute?”

“Hakitafutiki.” Kisha akanigeukia. “Chumbani kwangu ameingia mtu mmoja.”

Nikajitetea kwamba niliingia na uji. Akasema ndiyo, na uji ulikuwa mtamu. Alinipa hadi Jumapili. Jumapili atakuja Bwana Salimu, wakala wa Tianxiu ambaye mizigo ya watu wetu wengi ilisafiri kwenye makontena yake na neno lake lilipokelewa kila nyumba. Yeye angesikiliza. Kama ni mimi, nitoke, na kila mwenye chumba Sanyuanli na Xiaobei ataambiwa kwa nini nimetoka.

Siku zile nazikumbuka zaidi kwa chakula. Kila mtu alianza kupika peke yake kwa zamu zisizosemwa, akisubiri mwenzake atoke jikoni. Chumvi ya Bi Mwanaisha, ambayo tulikuwa tukiichovya sote, ilihamia chumbani kwake. Kilonzo alinunua ya kwake. Mimi nilikula mkate. Asubuhi niliona uzi mwembamba umefungwa kutoka kitasa cha mlango wa Bi Mwanaisha hadi kwenye msumari, ili akirudi ajue kama mlango umeguswa; na nikajikuta naupita kwa kubana ukuta, kama mwenye hatia, nisije nikaukata kwa bahati mbaya. Nami sikuwa bora. Nililala nikifikiri: kama si mimi, na nyumba ina watu watatu, basi ni Kilonzo. Nilianza kuona kwamba alitoka mapema mno. Niliona kwamba alikuwa amepunguza mizaha. Alinisalimia, nikamjibu kama karani. Shuku ina tabia hii, ambayo wanafunzi wangu huwa nawaeleza tunaposoma habari za miji iliyochoma watu wasio na kosa: haihitaji kitu kipya ili ikue. Hula vile vya zamani.

Alhamisi nilikwenda kwa Profesa Liang na kurasa zangu kuhusu mahakama ya miguu yenye vumbi. Msiogope jina hilo. Harlbury, kama miji mingi ya soko, ilikuwa na mahakama ndogo kwa ajili ya wageni waliokuja kuuza na kununua. Mgeni hakuweza kusubiri mahakama kubwa. Kesho yake angekuwa safarini. Kwa hiyo aliingia na vumbi lake la njiani miguuni, wafanyabiashara wenzake wakaketi wakamsikiliza, na hukumu ikatoka kabla ya soko kufungwa. Na mlalamikaji alitakiwa kuleta kile alicholalamikia, nguo au jibini au kiatu, akakiweka mezani mbele ya wote. Bila kitu mezani, hakuna kesi. Nilikuwa nimeandika kwamba hiyo ilikuwa njia ya kuharakisha mambo tu. Profesa alimenya kipande cha balungi, akanipa, akasema, “Fikiri tena. Ukimwachia mtu aeleze bila kitu, ataieleza nini mahakama?”

“Alichopoteza.”

“Hapana. Ataeleza habari za yule anayemshuku.”

Nilishika balungi mkononi bila kula. Nilikumbuka kwamba wiki nzima nyumbani kwetu hakuna aliyesema kilichoibwa ni nini. Tulikuwa tumezungumza juu yangu tu: maswali yangu, Jumamosi zangu, uji wangu.

Jumapili Bwana Salimu alifika kabla ya adhuhuri, mtu mnene mwenye kanzu safi na haraka nyingi, na swali lake la kwanza lilikuwa kama biriani iko tayari. Bi Mwanaisha alikuwa amepika tangu asubuhi. Hata akiwa na hasira hakuweza kumpokea mgeni kwa chakula cha dukani. Tuliketi kwenye meza ya sebuleni yenye kitambaa cha nailoni, sufuria ikiwa katikati imefunikwa, na Bi Mwanaisha akasema chakula baadaye, maneno kwanza. Bwana Salimu aliitazama sufuria kwa huzuni.

Alianza. Alisema kwa utaratibu na kwa ufasaha, na nilipomsikiliza hata mimi niliona sura ya mtu mbaya. Mtu anayeuliza maduka. Mtu anayesimama Zhanqian bila kununua. Mtu anayesoma mji ambao si wa kwao wala si wa wenyeji. Mtu aliyeingia chumbani.

“Mwalimu,” Bwana Salimu akasema, “una la kusema? Sema kwa ufupi, nyama inapoa.”

“Nina ombi moja, Bwana Salimu. Bi Mwanaisha akiweke mezani kitu kilichoibwa.”

“Kimeibwa, akiwekeje?”

“Kama kimeibwa hana, basi aonyeshe mfano wake. Au picha. Mimi nashtakiwa kwa kitu nisichokijua. Huko kwenye mji wangu ninaousoma—”

“Usituletee mji wako!” Bi Mwanaisha akasema.

“Sawa, niuache. Lakini Bwana Salimu, wewe ukiambiwa kontena lako limeharibu mzigo, si husema nionyeshe mzigo?”

Bwana Salimu alinitazama kwa mara ya kwanza. “Hilo kweli. Mwanaisha, onyesha.”

“Nikionyesha ndiyo nimekwisha! Wote watakiona!”

“Dada yangu, umesema kimeshaibwa. Kinachofichwa tena ni nini?”

Niliona jambo lenyewe limemgusa. Aliinuka, akakata uzi wa mlangoni, akarudi na mfuko mweusi. Alifungua mafundo moja baada ya jingine. Akatoa dera, akalitandaza juu ya meza, juu ya sufuria na yote. Lilikuwa la zambarau iliyoiva, na kwenye pindo lote na mikononi palizungushwa chapa ya ukili, ule utepe unaosukwa kwa ajili ya mikeka, kwa rangi ya ndimu, kila mshazari mahali pake. Alikuwa ameibuni chapa hiyo mwenyewe, akashona sampuli kwa mkono wake na kumpelekea laoban wake. Mali yake ya Idd ilikuwa bado baharini. Na kwenye simu, alipoigeuza hatimaye, palikuwa na mwanamke asiyemjua, harusini Mombasa, amelivaa.

Sikuwahi kuona nguo nzuri kama ile. Nilitaka kusema hivyo, lakini Kilonzo alikuwa amesimama. Aliingia chumbani kwake bila neno, tukasikia maboksi yakisukumwa, akatoka na mfuko mweusi. Aliufungua kwa meno. Dera la zambarau lilianguka juu ya dera la zambarau.

“Woi,” akasema. “Mama, haki ya Mungu. Mimi nililiona limetundikwa dukani. Nilidhani ni chapa ya laoban mwenyewe. Nikapeleka Nairobi kwa ndege mwezi uliopita.”

“Duka gani?” Bi Mwanaisha akauliza, na nadhani hakujua kwamba amelitamka swali lile.

Kilonzo alinitazama, akamtazama Bwana Salimu, akafumba macho kama mtu anayeruka maji. Alitaja jengo, ghorofa na kibanda. Bi Mwanaisha akaketi. Lilikuwa duka lake.

Madera mawili yanayofanana yalikuwa yamelala nyumba moja, ukuta mmoja kati yake, kila moja kwenye mfuko wake mweusi. Siku yoyote, mmoja wao angefungua fundo mbele ya mwenzake, wangejua. Bwana Salimu ndiye aliyecheka kwanza, tumbo likitikisika, akaomba nguo ziondolewe juu ya biriani. Bi Mwanaisha hakucheka. Alichukua dera la Kilonzo, akaligeuza ndani nje, akapitisha kidole kwenye mshono. “Lako wamelishona kwa uzi mbovu,” akasema. “Hata kuibiwa sikuibiwa vizuri.” Kisha akatupakulia, na nyama kubwa akaiweka kwenye sahani yangu. Hakuniambia samahani. Chumvi ilirudi mezani.

Jumatatu walikwenda dukani pamoja, nami nikafuata nyuma. Mwenye duka, Bi Chen, aliwaona wakiingia mlango mmoja, akabaki ameshika hanga hewani. “Mnajuana?” akawauliza kwa Kichina. Alieleza kwa upole, akimsemesha Bi Mwanaisha, kwamba kila mteja huyo alipopita mlangoni pake akiwa na weusi wenzake aligeuza uso. Hakujibu salamu. Mara tatu nne hivi. Bi Chen akadhani mteja amekasirika na oda yake ya pili ameiacha, na chapa isiyo na mwenyewe hutundikwa mbele ili mwingine aiagize. Kwake yeye huo ulikuwa utaratibu wa kawaida. Bi Mwanaisha angesema nini? Kwamba alimpita hivyo kwa sababu alimthamini mno? Bi Chen alichukua kijiti, akaitungua sampuli pale juu, akampa mkononi.

Ningependa kuwaambia kwamba tangu siku hiyo mifuko myeusi ilikoma nyumbani kwetu. Haikukoma. Jumatano niliiona tena, mafundo mawili. Kilonzo aliacha dera lile, lakini siku nne hivi baadaye alirudi na kitu kingine na akapita nacho akiwa amekikumbatia. Hata Harlbury, yenye kengele na msalaba na pishi ya mnyororo, ilishtaki watu wa vikapu vilivyofunikwa kizazi baada ya kizazi, maana yake hawakuacha. Leo kengele yao hulia kwa watalii na mtaa mpana ni maegesho ya magari. Nilimaliza tasnifu yangu kwa kuandika kwamba sheria za soko hutuonyesha kile ambacho watu hawakuweza kuacha kukifanya. Profesa alipigia mstari sentensi hiyo, na nilimshuku hata hapo, kwamba ananihurumia.

Lakini nilipata samahani yangu. Ilikuja Jumamosi moja kabla sijaondoka. Nilikuwa nimesimama Zhanqian katika kazi yangu ya kutazama, Bi Mwanaisha akatokea upande wa pili wa ujia, karibu kabisa na mlango wa Bi Chen. Aliniona. Nilimwona akiniona. Kwa mazoea nikageuza uso kutazama dari, ili nimpe nafasi ya kupita. Nikasikia sauti yake, kubwa kuliko ilivyohitajika, akimwamkia laoban wake mbele yangu, kisha akiniita, “Mwalimu! Njoo umsalimie Bi Chen.”

Supu ya Kilonzo ilikuwa imepoa. Nilimsimulia haya naye alinisahihisha hapa na pale. Anadai hakufungua mfuko kwa meno. Tulikubaliana kutuma rambirambi pamoja, kwa majina mawili. Alipoinuka kwenda alikumbuka mfuko wake, akaushika, akaunyanyua kutoka kitini, akasimama hivyo. Kisha akauketisha mezani, akafungua fundo la pili, akafungua la kwanza. Ndani palikuwa na viatu vya watoto vya shule, vyeusi, bado vikiwa kwenye mfuko wa dukani wenye jina, ghorofa na namba ya kibanda, na upande wa maandishi alikuwa ameugeuzia kwangu. Nilishusha macho upesi, nikatazama chai yangu.

“Soma tu, Mwalimu,” akasema.